Namba Nne za Mama

Ijumaa moja jioni simu ya Mama ilipoteza netiweki. Hatukushtuka. Kwetu, ndani ndani huko nyuma ya Khayega, netiweki huja na kwenda kama mvua ya Aprili. Mama akaiweka simu dirishani, pale inaposhika vizuri, akaendelea kuchambua murere. Simu yangu ilikuwa kwa mtandao uleule na ilikuwa na mistari yote minne. Hilo ndilo nilipaswa kuliona. Sikuliona.

Jumamosi asubuhi simu bado ilikuwa imeandika simu za dharura tu. Tukapanda boda hadi Kakamega mjini, tukapanga foleni, na tulipofika mbele kijana wa dukani akaangalia kompyuta yake, akamwangalia Mama, akauliza, "Mum, si ulibadilisha laini jana?"

Mama alicheka. Alidhani anataniwa.

Kuna mtu aliyekuwa amebadilisha laini yake Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Tulipoirudisha, salio lilikuwa shilingi 12. Siku tatu kabla ya hapo palikuwa na 46,000, bei ya mtamba wa gredi aliyeuzwa soko la Shinyalu, na mtamba huyo ndiye alikuwa karo yangu ya mwaka wa pili. Juu ya hapo kulikuwa na deni la 4,500. Mkopo ulichukuliwa kwa jina la Mama saa moja usiku, wakati yeye mwenyewe yuko jikoni anasonga ugali.

Kampuni ya simu sitaitaja, na mambo ya polisi yaliishia kwa namba ya OB iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Ila jibu tulilopewa sijalisahau: PIN iliyotumika ni sahihi, na mwenye kuijua PIN ni mteja. Ukiitafsiri vizuri hiyo, inamaanisha ni wewe.

Kuna watu wangeingia kwa kesi. Kuna wengine wangeomba. Mimi nilianza kusoma. Kwanza niliuliza swali la kila mtu aliyeibiwa: ni nani? Hilo halikufika popote. Ndipo nikauliza lingine: tangu lini? Tangu lini mali ya mtu inalindwa na namba nne, na jina lake likawa kitu cha kuibwa?

*

Kabla ya namba kulikuwa na kikebe.

Sheria ya kusajili Waafrika katika koloni hili ilipitishwa mwaka 1915. Vita Kuu vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa vilipoisha. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi ilitiwa kwenye kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Hicho ndicho kipande. Harry Thuku alikipinga Nairobi hadi akakamatwa Machi 1922. Huku magharibi, Young Kavirondo Association ilikipinga tangu 1921, pamoja na kodi ya nyumba.

Kukhu, mama yake Mama, anakumbuka kikebe cha baba yake. Kufikia utoto wake hakuna aliyekivaa tena. Mama yake alikuwa akihifadhia mbegu za mboga ndani yake.

Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Wazungu wengi walikasirika: eti wao pia wachovywe vidole kwenye wino kama Waafrika? Baada ya kelele nyingi ikakubaliwa kwamba anayejua kuandika anaweza kutia sahihi na kuleta picha badala ya vidole. Wanawake Waafrika hata hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Ilibidi ifike 1978, miaka 15 baada ya uhuru, ndipo sheria ikabadilishwa na wanawake wakaanza kupewa vitambulisho. Kukhu alizaliwa 1948. Alipata chake akiwa tayari ana watoto watano.

Nakueleza haya kwa sababu moja. Kipande, na kitambulisho kilichozaliwa nacho, kilitengenezwa ili kionyeshwe. Kazi yake ni kumwambia mtu asiyekujua wewe ni nani. Unakitoa getini, hospitalini, kwa askari, kwa karani. Kitu ambacho maisha yake yote ni kuonyeshwa hakiwezi kuwa siri. Weka hilo akilini, tutalirudia.

*

Kakamega ilijifunza mapema kwamba ulinzi ulioandikwa na mtu mwingine una shida zake.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi iliyosema maeneo ya Waafrika ni yao milele, na kwamba ikilazimika kuchukuliwa sehemu, watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana hapa Kakamega. Wazungu wakamiminika na sururu na mahema. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa: ardhi yenye madini ingeweza kuchukuliwa bila kulipwa kwa ardhi nyingine. Milele ilidumu miaka miwili. Hasira hiyo ndiyo iliyolisha North Kavirondo Central Association, chama cha siasa cha wazee wetu wa miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952, na hadi leo ukipita pale utakuta vijana wakichimba kwa mikono na kuosha mchanga kwa karai.

Sasa ukimwambia mzee wa Isukha kwamba pesa zake ziko salama kwa sababu kuna karatasi inayosema hivyo, usishangae akikuangalia tu.

Kwa hivyo watu waliamini watu. Benki ya akiba ya posta ilikuwepo tangu 1910, na hawala za posta zilitumika, lakini ofisi ilikuwa mbali na foleni ilikuwa ndefu. Babu alifanya kazi Nairobi, eneo la viwanda, miaka ya 1970 hadi 1990. Mwisho wa mwezi alikunja noti ndani ya shati, shati ndani ya mfuko, mfuko akampa mtu wa kwetu anayepanda basi la usiku. Hapo si ndiyo mwizi angefurahia? Lakini Babu alikuwa na akili. Barua inayosema ametuma shilingi ngapi hakumpa huyo. Alimpa mtu mwingine, wa basi lingine, wa siku nyingine. Pesa zikifika, Kukhu hazigusi wala hashukuru. Anangoja barua. Barua ikisema 600 na mfuko una 500, anajua pa kwenda kuuliza.

Njia mbili, watu wawili wasiojuana. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba wataalamu wa usalama wa benki mtandaoni wanaita hilo uthibitisho wa hatua mbili, na kwamba ni jambo la kisasa. Nilimsomea Kukhu. Akauliza wasomi hao wanalipwa kiasi gani.

*

Kila mtu anadhani anaijua hadithi ya M-Pesa, kwa hivyo nitapita haraka hadi penye utamu.

Wazo lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, likalipiwa kwa sehemu na serikali ya Uingereza, na mwenzake Susie Lonie akaja Kenya kulifanyia kazi na Safaricom. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na wateja wa Faulu Kenya. Kusudi lilikuwa dogo: watu walipe mikopo yao kwa simu. Wateja wakafanya yao. Wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, mjini na nyumbani. Waliokuwa wakitengeneza huduma wakaona, wakabadilisha mpango. Ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, tangazo lilikuwa na maneno matatu: tuma pesa nyumbani. Yaani mfuko wa Babu ulikuwa umepata basi jipya.

Usalama wake ulikuwa ndani ya laini yenyewe. Menyu ya M-Pesa haikukaa kwenye simu, ilikaa kwenye ile kadi ndogo ya laini, pamoja na ufunguo wa kuficha PIN yako inaposafiri. Ndiyo maana ilifanya kazi hata kwa kabambe, ile tuliyoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi. Hukuhitaji intaneti wala simu ghali. Na meseji ya kuthibitisha iliwafikia wote wawili, mtumaji na mpokeaji, papo hapo. Kwa mtu aliyezoea kungoja barua siku tatu, ilikuwa kama uchawi.

Desemba 2008, huku mabenki yakinung'unika, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza huduma hiyo ikaguliwe. Mwezi uliofuata jibu likatoka kwamba iko salama. Na kwa swali walilokuwa wakiuliza, jibu lilikuwa la kweli. Pesa za wateja zilikuwa zimewekwa kwenye akaunti ya amana benki, si mfukoni mwa kampuni. Mitambo, ambayo hadi 2015 ilikuwa Frankfurt, Ujerumani, haikuwa imevunjwa. Lakini nijuavyo mimi, mwizi mwenye akili havunji mtambo. Anakuja dukani kama mteja.

*

PIN nayo ina kwao.

Tarehe 27 Juni 1967, benki ya Barclays ilifungua mashine ya kwanza ya kutoa pesa huko Enfield, kaskazini mwa London. Mvumbuzi wake, John Shepherd-Barron, alisimulia baadaye kwamba alitaka namba ya siri ya tarakimu sita, kwa kuwa yeye alikumbuka namba yake ya jeshini. Mkewe, Caroline, wakiwa mezani jikoni, akamwambia yeye hawezi kukumbuka zaidi ya nne. Basi zikawa nne. Mskoti mmoja, James Goodfellow, alikuwa ameshasajili hataza ya kadi na namba ya siri mwaka mmoja kabla, kwa hivyo nani alikuwa wa kwanza ni ubishi wao. Ila tarakimu nne ndizo zilizoshika karibu dunia nzima, na miaka 40 baadaye zikafika Khayega.

Tarakimu nne zinakupa namba 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Ukikosea mara tatu unafungiwa. Kwa hesabu, mwizi anayebahatisha ana nafasi 3 katika 10,000. Ni ulinzi mzuri kabisa, mradi namba ichaguliwe bila mpangilio.

Binadamu hachagui bila mpangilio. Anachagua anachokumbuka, na anachokumbuka ni mwaka. Mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima yeyote anayetumia simu leo, tuseme kuanzia 1950 hadi 2005, ni namba 56 tu. Zile 10,000 zimeisha hivyo, mwizi bado hajafanya chochote. Na kama ameshika nakala ya kitambulisho chako, hana haja hata ya kubahatisha. Imo pale, chini ya jina.

Mama alizaliwa 1974. PIN yake ilikuwa 1974.

Najua kwa sababu ni mimi niliyeiweka. Nilikuwa darasa la saba, nikijiona fundi wa simu wa kijiji kizima. Nilimwandalia laini yake, nikamuuliza, "Mama, tuweke namba gani?" Akasema, "Weka yoyote nisisahau." Nikaona nina akili sana. Majirani watatu nao niliwawekea vivyo hivyo.

*

Mwizi alipata wapi mwaka huo? Sijui kwa hakika, lakini naweza kukuonyesha milango iliyokuwa wazi.

Kama uliwahi kutoa pesa kwa duka la M-Pesa miaka ile, unakumbuka lile daftari. Daftari kubwa lenye mistari, kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, kisha sahihi. Liliwekwa kwa ajili ya usalama, ili ejenti aweze kuonyesha nani alikuja. Lakini fikiria: juu ya jina lako kuna majina ya watu 20 waliokutangulia, na unayasoma yote ukingoja meseji iingie. Nani ana namba gani, nani anatoa kiasi gani, na kila lini. Kijiji kizima kwenye kurasa, kaunta yenye waya, hakuna kufuli.

Kisha kuna nakala za vitambulisho. Chama wanataka nakala. Hospitali wanataka nakala. Basari, mbolea ya serikali, kazi ya kibarua, kila mtu anataka nakala, na hakuna anayekwambia zinaenda wapi zikichoka. Mimi nakwambia. Mwaka jana nilinunua mandazi nje ya soko la Kakamega, nikafungiwa kwa karatasi. Nilipomaliza kula, nyuma ya mafuta kulikuwa na uso wa mwanamke, jina lake, namba yake, na tarehe yake ya kuzaliwa. Niliichoma. Sikujua kingine cha kufanya.

Usajili wa laini ulianza 2010, na mwisho wa 2012 zisizosajiliwa zikazimwa. Nia ilikuwa nzuri, kumaliza wanaopiga simu za vitisho na utapeli. Lakini usajili ulifanya kitu kingine kimyakimya. Uliifunga laini kwa kitambulisho. Kuanzia hapo, ukiweza kumshawishi mhudumu kwamba wewe ni fulani, unapewa laini ya fulani, na laini ya fulani ndiyo pochi yake. Kikebe cha shingoni kilikuwa kimekuwa ufunguo wa stoo. Kitu cha kuonyeshwa kikapewa kazi ya siri.

Wezi walilielewa hilo kabla ya wakuu. Kenya nzima inajua utani kuhusu simu zinazotoka Kamiti, na kituo kidogo cha Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, kimetajwa kwenye habari mara nyingi mno kwa ubadilishaji wa laini za watu. Wengi wa waliokamatwa ni vijana wa rika langu. Hawakuhitaji ujuzi wa kompyuta. Walihitaji jina, namba, tarehe, sauti tamu, na wakati mwingine rafiki aliye ndani ya duka.

Na tangu mikopo ya simu ije, M-Shwari Novemba 2012 na Fuliza Januari 2019, wizi wenyewe ulibadilika. Zamani mwizi aliiba ulicho nacho. Sasa anaweza kuiba hata usicho nacho, akakuachia ulipe.

*

Utasema, mimi natumia kadi, hayo ni ya kina mama wa kijijini. Poa. Itoe uiangalie.

Zile tarakimu zilizoinuka mbele, kama kadi yako ni ya zamani, ziliinuliwa ili mashine ya mkono izikandamize kwenye karatasi ya kaboni. Kompyuta hazikuwepo dukani. Namba ya kadi ilikusudiwa kusomwa na kila mwenye duka. Ni jina, kama kipande. Baadaye ukaja utepe wa sumaku, ambao ni rahisi kunakili, na wezi wakanakili. Kisha chip, ambayo Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza yake mwaka 1974, mwaka wa Mama. Chip ni ngumu kunakili kwa sababu hujibu kila swali upya. Mabenki ya Kenya yalihamia kadi za chip kwa pamoja mwaka 2014, baada ya wizi wa kunakili kadi kwenye ATM kuwa mwingi.

Lakini mimi naandikia tovuti za nje, na nikinunua kitu mtandaoni chip haina kazi. Hakuna pa kuichomeka. Tunarudi kulekule kwa namba iliyoandikwa mbele, tarehe, na tarakimu tatu zilizoandikwa nyuma. Siri imeandikwa kwenye kitu kilekile inachokilinda, kama kuandika PIN kwa mlango wa ATM. Hata zile kadi zisizoshikika, kama ile ambayo Safaricom na Visa walizindua 2022, zinaishi ndani ya simu.

Ili kuziba pengo, benki inakutumia namba ya kutumika mara moja. Inakutumia wapi? Kwa meseji. Kwenye laini. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilianza kuonya mwaka 2016 kwamba meseji za simu si njia nzuri ya kuthibitisha, mojawapo ya sababu ikiwa laini kubadilishwa. Lakini huku kwetu benki, kadi, barua pepe, mikopo, hata eCitizen, vyote vinapitia shimo moja la sindano.

Na hapa ndipo Babu alipowashinda. Kwake pesa na barua zilikuja na watu wawili wasiojuana. Kwetu mfuko na barua vyote amepewa mtu mmoja, halafu tunashangaa.

*

Kuna kitu kimoja bado kinaniuma. Si pesa. Ni lile jibu: PIN ni sahihi, kwa hivyo ni wewe.

Nilipolisoma kwa watu wengine, kwanza nilifurahi kwamba hatukuwa peke yetu. Uingereza, miaka ya 1980 na 1990, wateja walilalamika kwamba ATM zinatoa pesa zao bila wao. Mabenki yakajibu kwamba mitambo haikosei, kwa hivyo mteja anadanganya au amempa mtu kadi. Konstebo mmoja wa polisi alilalamika hivyo hivyo, akashtakiwa yeye kwa kujaribu kuilaghai benki, akahukumiwa 1994. Aliondolewa hatia kwenye rufaa mwaka 1996, baada ya benki kukataa wataalamu wa upande wake waikague mitambo yake. Mtafiti wa Cambridge, Ross Anderson, aliandika mwaka 1993 kwamba wizi mwingi wa namna hiyo haukutokana na fundi mkubwa wa kuvunja siri. Ulitokana na makosa ya kawaida na wafanyakazi wa ndani.

Marekani walikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1978 iliweka kikomo cha hasara ya mteja. Na mwaka 1980, katika kesi ya Judd dhidi ya Citibank huko New York, hakimu alisikiliza mashine ikisema hivi na mwanamke akisema vile, akamwamini mwanamke. Anderson aliona jambo la ajabu katika kulinganisha nchi hizo mbili. Mabenki ya Marekani, yaliyolazimika kubeba hasara, ndiyo yalijali zaidi kuziba mianya. Ya Uingereza, yaliyoweza kumtupia mteja, yalizembea.

Ni akili ya kawaida kabisa. Mwenye ng'ombe ndiye hulala macho. Ukiamua kwamba ng'ombe akiibwa ni hasara ya jirani, nani ataamka usiku?

Sisi tuna sheria. Ya mifumo ya malipo ni ya 2011, ya uhalifu wa kompyuta ni ya 2018, ya kulinda data ni ya 2019, na hii ya mwisho ni moja ya sababu namba na majina yetu yameanza kufichwa. Sasa unaweza kupiga *100*100# ili laini ya Safaricom isibadilishwe mpaka ufike mwenyewe dukani kwao. Haya ni mazuri, na nakushauri ufanye leo, si kesho. Ila soma masharti ya huduma yoyote uliyokubali bila kusoma. Sentensi haikosi: muamala uliofanywa kwa PIN yako ni wako. Mpaka sentensi hiyo iguswe, ng'ombe ataendelea kuibwa na jirani ataendelea kulipa.

*

Sikurudi chuo. Watu hupenda niseme mwizi ndiye aliyenitoa, inakuwa hadithi safi. Ukweli ni kwamba karo ingepatikana kwa kuchelewa, khotsa alikuwa tayari kusaidia, na mimi nilikuwa nimeshachoka na kozi ile. Wizi ulinipa sababu ya kutorudi, na mimi nikaichukua. Mama hajui hilo. Akisoma hapa, atajua.

Anachojua ni lile la PIN. Nilimwambia mwaka mzima baadaye, tukiwa tunamenya mahindi. Nilisema, "Mama, ile namba niliyochagua, mwaka wako, ndiyo ilirahisisha." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Ulikuwa mtoto. Lakini wale wa dukani si watoto."

Deni la 4,500 alilipa, polepole, kwa mauzo ya mayai. Alisema jina ni lake na hataki liandikwe mahali pabaya.

Wiki iliyopita alinunua simu mpya na nikamsaidia kuhamisha vitu. Tulipofika mahali pa PIN nikashika simu kama zamani, nikauliza, "Tuweke gani?"

Akaniambia nimpe simu. Akageuka upande wa dirisha, akabonyeza mwenyewe, taratibu, kidole kimoja, akarudia mara ya pili ilipoulizwa. Kisha akairudisha kwangu nimalizie mambo mengine.

Siijui.